Kitufe Kinachopaswa Kusema Kweli: Historia ya Kuwasha na Kuzima katika Programu za Sauti

Katika mji wa Graz, kusini mwa Austria, ipo taasisi ya chuo kikuu inayoshughulikia muziki wa kielektroniki na sayansi ya sauti, ijulikanayo kwa kifupi kama IEM. Huko ndiko Thomas Musil, kati ya mwaka 2000 na 2001, alikoandika kundi la vitufe na vipimo vya kuchorwa kwenye skrini kwa ajili ya programu huria ya sauti iitwayo Pure Data. Kimojawapo kilikuwa kisanduku cha mraba, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukikibofya, alama ya X hutokea ndani yake na namba 1 hutoka chini. Ukikibofya tena, alama hutoweka na namba 0 hutoka.

Mtu akiambiwa kwamba kisanduku hicho kina historia, anaweza kushangaa. Kuwasha na kuzima ni jambo ambalo mtoto hulijua kabla ya kusoma. Lakini kila kitufe cha hali mbili hubeba ahadi: kwamba hali inayoonekana kwa macho ndiyo hali iliyomo ndani ya mashine, na ndiyo hali itakayosikika masikioni. Kuitimiza ahadi hiyo kumewashughulisha mafundi wa umeme, wanahisabati na watunzi wa muziki kwa zaidi ya karne moja. Kila walipohamia kwenye chombo kipya, ahadi ilivunjika kwa namna mpya, ikabidi itengenezwe upya. Anayeongeza kitufe kama hicho kwenye programu ya sauti leo anarithi kazi yao yote, na ni haki aijue.

Cheche za Newcastle

Taa za umeme zilipoanza kuingia majumbani katika miaka ya 1880, hatari kubwa haikuwa kwenye taa bali kwenye swichi. Vipande viwili vya chuma vinavyopitisha umeme vikitenganishwa polepole, mkondo haukatiki papo hapo. Unaruka katika upenyo mwembamba wa hewa, unatoa mwali mkali, unaunguza chuma, na ukikuta mbao kavu karibu unaweza kuwasha moto. Hivyo usalama wa nyumba nzima ulitegemea wepesi wa kidole cha aliyezima taa.

Mwaka 1884, fundi John Henry Holmes wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, alibuni swichi ambayo haikutegemea kidole. Ndani yake vipande vya chuma viliachana kwa ghafla, kwa kasi ileile kila mara, hata kama mkono wa mtu ulikwenda pole. Mwali haukupata nafasi ya kukua. Swichi ikawa na hali mbili tu, na hapakuwa na mahali pa kusimama katikati.

Jambo la pili lilikuja na swichi za namna hiyo bila kutafutwa. Kwa kuwa kishikio na vyuma vya ndani vilikuwa kitu kimoja, kishikio hakikuweza kudanganya. Kikiwa chini, umeme umepita. Kikiwa juu, umekatika, au kinyume chake kwa kufuata desturi ya nchi. Mkono uliotoa amri na jicho lililosoma jibu vilikutana kwenye kipande kimoja cha kifaa. Hali ilikaa palepale ilipoonekana.

Muungano huo ulivunjwa mwaka 1918. Waingereza wawili, William Eccles na F. W. Jordan, waliomba hataza ya saketi iliyotumia vali mbili za redio zilizofungamanishwa kiasi kwamba moja ikifanya kazi huinyamazisha nyingine. Saketi hubaki katika hali hiyo mpaka msukumo mdogo wa umeme uje kuigeuza, kisha hubaki katika hali ya pili. Hicho ndicho chembe cha kumbukumbu ambacho kompyuta zilikuja kukijengea jumba zima. Kwa historia yetu, maana yake ni kwamba hali ya kuwashwa au kuzimwa ilikuwa imehama kutoka kwenye kishikio na kuingia mahali pasipoonekana. Aliyetaka kuijua ilimbidi aunganishe taa ya kumwonyesha. Na taa ikishakuwa kitu tofauti na saketi, inaweza kusema uongo.

Muziki uliosubiri barabarani

Mwaka 1957, katika maabara za Bell, Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mhandisi aliyependa kupiga fidla aitwaye Max Mathews aliandika programu aliyoiita MUSIC. Ilikuwa ya kwanza kutumika sana katika kuzalisha sauti za muziki kwa hesabu za kompyuta. Kipande cha kwanza, kilichotungwa na mwenzake Newman Guttman, kilidumu sekunde 17.

Kazi ya kupata sekunde hizo ilikuwa ndefu. Kompyuta yenyewe, IBM 704, ilikuwa katika jiji la New York. Maelekezo yaliandaliwa kwenye kadi zilizotobolewa, kompyuta ikahesabu, matokeo yakaandikwa kwenye kanda ya sumaku, kanda ikasafirishwa hadi Murray Hill ambako palikuwa na kifaa cha kugeuza namba kuwa umeme wa spika. Hapo ndipo mtunzi aliposikia alichokitunga. Katika mpangilio huo kitufe cha kuwasha na kuzima hakikuwa na maana yoyote. Hakuna kitu cha kuwasha wakati sauti bado haijazaliwa, na ikishazaliwa imekwisha kukamilika.

Mathews alitamani mikono ya mwanamuziki irudi ndani ya muziki. Mwaka 1970, pamoja na F. Richard Moore, alieleza mfumo walioutaja kwa jina GROOVE. Kompyuta haikuzalisha sauti yenyewe, kwa kuwa haikuwa na kasi ya kutosha. Iliongoza vifaa vya kielektroniki vilivyozalisha sauti, huku mtu akizungusha vifundo na kusukuma kijiti, na kompyuta ikihifadhi kila mwendo wa mkono ili urekebishwe baadaye. Mtu aligusa, akasikia, akagusa tena. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mathews aliandika programu nyingine, RTSKED, ambayo ilipanga kazi nyingi zisubiri ishara zake na kuanza wakati wowote zinapoitwa. Wazo hilo la kazi inayongoja kuamshwa ndilo lililovuka bahari hadi Paris.

Chini ya ardhi ya Paris

Mwaka 1977 taasisi ya utafiti wa sauti na muziki, IRCAM, ilifunguliwa Paris chini ya uongozi wa mtunzi Pierre Boulez. Sehemu kubwa ya maabara zake ilijengwa chini ya ardhi, jirani na jumba la Pompidou. Fahari yake ya miaka ya 1980 ilikuwa mashine iliyoitwa 4X, iliyosanifiwa na Mwitaliano Giuseppe di Giugno. Iliweza kuichukua sauti ya ala inayopigwa jukwaani na kuibadilisha papo hapo, mbele ya wasikilizaji. Boulez aliitumia katika kazi yake *Répons*.

Nguvu ilikuwepo, lakini kuiongoza kulihitaji mtu aandike msimbo kwa ajili ya kila kazi. Kijana Mmarekani Miller Puckette, aliyesomea hisabati na aliyekuwa amefanya kazi MIT chini ya Barry Vercoe, alifika IRCAM katikati ya muongo huo. Alishirikiana na mtunzi Mfaransa Philippe Manoury. Manoury alitaka piano na mashine zifuatane kama wapigaji wawili wanaosikilizana, na alitaka kubadilisha mawazo yake hadi dakika ya mwisho bila kumwita mhandisi aandike kila kitu upya.

Zana mbili za nje zilisaidia. Ya kwanza ilikuwa MIDI, lugha ya vifaa vya muziki iliyotangazwa mwaka 1983, ambamo kila mguso unakuwa namba kati ya 0 na 127. Ya pili ilikuwa Macintosh ya mwaka 1984, kompyuta yenye kipanya na skrini ya michoro, ambayo iliwazoesha watu visanduku vidogo vya kuchagulia vyenye alama ya X ndani. Puckette aliiweka Macintosh ikae mbele ya 4X na kuiamuru kwa MIDI. Juu ya skrini yake akaandika programu aliyoiita Patcher. Mtumiaji alichora visanduku, akaviunganisha kwa nyaya za kuchorwa, na ujumbe ukatiririka kutoka kisanduku cha juu kwenda cha chini. Kazi ya Manoury iitwayo *Pluton*, ya piano na kompyuta, ya mwaka 1988, ilitengenezwa kwa njia hiyo. Programu yenyewe ikapewa jina Max, kwa heshima ya Max Mathews.

David Zicarelli aliiendeleza Max, na mwaka 1990 kampuni ya Opcode ikaanza kuiuza. Miongoni mwa vifaa vyake vya skrini palikuwa na kisanduku cha X. Mchoro ambao wanafunzi wengi huuchora kwanza mpaka leo, katika Max na katika ndugu yake Pure Data, una visanduku vitatu tu: kitufe cha hali mbili juu, kisanduku kiitwacho metro katikati, na chini yake kitufe kinachomweka kila kinapopokea ujumbe. Metro ni metronomu. Ikipokea namba yoyote isiyo sifuri, huanza kupiga kwa mwendo uliopangwa, tuseme kila milisekunde 500. Ikipokea sifuri, hunyamaza.

Mtu anaweza kuendesha metro hiyohiyo kwa visanduku viwili vya ujumbe, kimoja kimeandikwa 1 na kingine 0. Itaanza na itasimama kama kawaida. Kinachokosekana ni kumbukumbu inayoonekana. Anayeangalia skrini dakika tano baadaye hawezi kujua ni kipi kilibofywa mwisho. Mbele ya wasikilizaji, gizani, mikono ikiwa na mambo mengine kumi, kutojua huko ni jambo zito. Kitufe cha hali mbili kilirudisha kwenye skrini kile ambacho swichi za ukutani zilikuwa nacho bila kukitafuta, na ambacho saketi ya Eccles na Jordan ilikuwa imekificha.

Nani anaichora X?

Puckette alihamia Chuo Kikuu cha California, San Diego, na mwaka 1996 akatambulisha Pure Data, programu mpya yenye fikra zilezile ambayo aliitoa bure pamoja na msimbo wake wote. Sasa kompyuta za kawaida zilikuwa na kasi ya kuzalisha sauti zenyewe. Mwaka uliofuata Zicarelli alianzisha kampuni ya Cycling '74 na kutoa MSP, nyongeza ya sauti kwa Max, iliyochota sehemu ya sauti ya Pure Data.

Puckette aliigawa Pure Data katika programu mbili zinazozungumza. Moja, iliyoandikwa kwa lugha ya C, ni injini: inahesabu sauti na kuhifadhi hali ya kila kitu. Nyingine inashughulikia skrini kwa kutumia Tcl/Tk, zana iliyobuniwa na John Ousterhout. Kati yao pana mawasiliano ya mtandao, hata kama zote ziko ndani ya kompyuta moja.

Mgawanyo huo unaamua tabia ya kitufe alichokiandika Musil. Ukibofya, skrini haichori chochote kwa hiari yake. Inaiambia injini kwamba kipanya kimebonyezwa mahali fulani. Injini inatambua kwamba pale pana kitufe, inabadilisha hali yake, inaiagiza skrini iichore au iifute X, na inatoa namba kwa visanduku vilivyounganishwa nacho. Kwa maneno mengine, X unayoiona ni jibu la injini, si mwangwi wa kidole chako. Ikiwa injini imekwama, X haitokei, na kutotokea kwake ni habari ya kweli.

Naona hapa pana busara inayostahili kuigwa na kila mwandishi wa programu. Ni rahisi sana kuandika kitufe kinachojigeuza rangi kikibofywa kisha kikapeleka habari ndani na kutumaini kwamba imefika. Kitufe cha namna hiyo kinaonyesha nia ya mtumiaji, lakini mtumiaji anakisoma akidhani kinaonyesha hali ya mashine. Siku mambo mawili hayo yakitofautiana, fundi mitambo ataamini kipaza sauti kimezimwa wakati ukumbi mzima unamsikia.

Mduara usio na mwisho

Kitufe kinachopokea na kutoa kina hatari yake. Tuchukue vitufe viwili vinavyotakiwa kufuatana: kimoja kwenye skrini, kingine kwenye kifaa cha MIDI chenye taa. Cha skrini kikibadilika, kinakiambia cha pili. Cha pili kikibadilika, kinakiambia cha kwanza. Cha kwanza kikisikia, kinatangaza tena. Katika Pure Data ujumbe haungoji zamu. Unafuata waya wake mpaka mwisho kabla ya jambo lingine kufanyika. Mduara ukifungwa ndani ya programu yenyewe, ujumbe unazunguka ndani ya nukta moja ya wakati mpaka programu iseme kwamba imejaa na kuukata.

Dawa iliyokuwemo kwenye msimbo wa Graz ni ndogo na safi. Kitufe kinaelewa amri tatu tofauti. Kikipata namba tupu, kinachukua hali hiyo na kuitangaza. Kikipata ujumbe wa kuamsha usio na namba, kinageuza hali yake na kuitangaza. Lakini namba ikitanguliwa na neno set, kinachukua hali hiyo na kuichora, kisha kinakaa kimya. Amri ya tatu inatenganisha kuonyesha na kutenda. Habari inayorudi kutoka mahali pengine hupitishwa kwenye set, X inasahihishwa, na mduara unafia hapo.

Musil aliweka pia kinga nyingine. Kitufe kinaweza kupewa jina la kupokelea ujumbe na jina la kupelekea ujumbe, ili kizungumze na visanduku vya mbali bila waya. Mtumiaji akiandika jina lilelile pande zote mbili, kitufe kinatambua kwamba kingejisikia chenyewe bila kikomo, na kinaacha kutangaza yale kinayoyapokea. Aliyeandika mstari huo alimfikiria mtu asiyemfahamu, ambaye siku moja angekosea kwenye dirisha la mipangilio akiwa katikati ya mazoezi, na akamwokoa kabla hajakosea.

Je, 38 ni ndiyo au hapana?

Huenda mtu akasema kwamba hali mbili ni hali mbili, mjadala umekwisha. Historia inakataa. MIDI ilipoweka kanuni ya pedali ya kuendeleza sauti za piano, iliamua kwamba namba 0 hadi 63 ni kuzima na 64 hadi 127 ni kuwasha. Mpaka ukawa katikati. Kitufe cha Pure Data kinasema vingine: sifuri peke yake ni kuzima, na namba yoyote nyingine ni kuwasha. Kinakumbuka hata namba hiyo, kiasi kwamba ukikipa 38 kisha ukakizima na kukiwasha tena, kitatoa 38.

Katika miaka ya 1990 na baadaye zilikuja programu-jalizi, vijiprogramu vya sauti vinavyochomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Mfumo wa VST wa kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, uliotoka mwaka 1996, uliamua kwamba kila kidhibiti, kiwe kifundo au kitufe, kielezwe kwa namba kati ya 0 na 1. Kitufe cha hali mbili kikalazimika kuvaa nguo ya kifundo, na waandishi wengi wakaweka mpaka kwenye 0.5. Mwaka 2000 Richard Furse alitoa LADSPA kwa watumiaji wa Linux, na yeye aliweka alama maalumu ya kutangaza kwamba kidhibiti fulani ni cha kuwasha na kuzima: kilicho juu ya sifuri ni kuwasha, sifuri na chini yake ni kuzima.

Sasa chukua namba 38 ya MIDI, ambayo ni takribani 0.3 ya upeo wake. Kwa pedali ya MIDI, imezimwa. Kwa LADSPA, imewashwa. Kwa programu-jalizi yenye mpaka katikati, imezimwa. Kwa Pure Data, imewashwa. Kila kanuni ina mantiki yake ndani ya nyumba yake, na makosa huzaliwa mlangoni, pale namba inapotoka nyumba moja kwenda nyingine bila kutafsiriwa. Mwandishi makini huamua mpaka wake, huusema waziwazi, na hupeleka nje namba mbili tu za pembeni kabisa.

Lugha ya Faust, iliyoanza kutengenezwa na Yann Orlarey na wenzake katika kituo cha GRAME mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 2002, ilitenganisha jambo jingine ambalo wengi hulichanganya. Ina kitufe kinachotoa 1 kwa muda tu kinaposhikiliwa, na ina kisanduku cha kuchagulia kinachobaki katika hali yake. Cha kwanza ni cha kupiga noti, cha pili ni cha kuingiza au kuondoa mwangwi. Ukimpa mpigaji cha pili mahali pa cha kwanza, noti yake haitakoma.

Mlio usiotakiwa

Turudi kwa cheche za Holmes, kwa sababu zilifufuka ndani ya kompyuta kwa sura iliyopinduka. Sauti ya kidijitali ni msururu wa namba, mara nyingi 44,100 kwa kila sekunde, zinazoeleza mahali ambapo utando wa spika unapaswa kuwa. Ukizima sauti kwa kuzidisha namba hizo kwa sifuri papo hapo, na wimbi lilikuwa juu wakati huo, utando unaamriwa uruke kutoka juu hadi katikati bila njia. Mruko huo unasikika kama mlio mkavu, na katika ukumbi wenye spika kubwa unaweza kumshtua mtu.

Newcastle walihitaji kasi ili umeme usitoe mwali. Kwenye sauti ya kidijitali tunahitaji upole ili wimbi lisitoe mlio. Katika Pure Data dawa ni kisanduku cha line~, kinachopokea 1 au 0 ya kitufe na kuifikia kwa mteremko. Ukikipa milisekunde 20, namba 882 zitapita kabla ya kimya kamili. Kidole hakihisi ucheleweshaji huo, jicho linaona X imetoweka mara moja, na sikio linapata mwisho laini. Kitufe kinabaki na hali mbili, lakini sauti inapewa daraja la kuvukia.

Injini nayo ina mwendo wake. Pure Data huhesabu sauti kwa mafungu ya namba 64, yaani karibu milisekunde 1.45 kwa kila fungu, na mabadiliko ya vitufe huingia kati ya fungu na fungu. Fungu lisipokuwa tayari kwa wakati, sauti hukatika. Ndiyo maana sheria kuu ya programu za sauti ni kwamba upande unaohesabu sauti haupaswi kamwe kusimama kuusubiri upande unaochora skrini. Kitufe huacha habari yake mahali ambapo injini inaweza kuichukua kwa hatua moja, bila foleni na bila kufuli. Kuchora kunaweza kuchelewa kidogo, sauti haiwezi.

Na amri haitoki kwa kidole peke yake. Programu ya kurekodia huhifadhi mabadiliko ya vidhibiti pamoja na wimbo na kuyarudia wimbo unapochezwa. Ikifika ubeti wa pili na rekodi inasema mwangwi uingie, kitufe lazima kijigeuze kwenye skrini bila kuguswa, na bila kuitangaza habari hiyo kama amri mpya ya mtumiaji. Ni tatizo lilelile la amri ya set ya Graz, likiwa limevaa nguo za studio.

Wanaosikiliza bila kuona

Hadi hapa nimesema macho, macho, macho. Lakini muziki una mabingwa wasioona, na kwao X nyekundu au taa ya kijani si habari. Wanatumia kisoma-skrini, programu inayotamka yaliyomo kwenye skrini. Kisoma-skrini kinategemea kila kitufe kijitambulishe: jina lake, kwamba ni kitufe cha hali mbili, na hali yake ya sasa. Waandishi wengi wa programu za sauti, kwa kupenda vitufe vinavyofanana na vya mikseri za zamani, walivichora kama picha tupu. Kwa macho vilipendeza. Kwa kisoma-skrini havikuwepo.

Zana ya JUCE, ambayo Julian Storer aliianzisha na ambayo hutumika kujengea programu-jalizi nyingi, iliongezewa uwezo wa kuzungumza na visoma-skrini katika toleo lake la 6.1 mwaka 2021. Tangu hapo kitufe cha hali mbili cha kawaida kilichoandikwa kwa JUCE kinaweza kumwambia mtu asiyeona kwamba kimewashwa. Karibu miaka 140 ilikuwa imepita tangu swichi ya Newcastle, ambayo mtu asiyeona angeweza kuisoma kwa kuipapasa ukutani. Kile ambacho kishikio kiliwapa watu wote bila kubagua, skrini iliwanyang'anya baadhi yao, na hakikurudi mpaka mtu alipokaa akakiandika.

Urithi wa anayeandika leo

Kuongeza kitufe cha hali mbili kwenye programu ya sauti leo ni kazi ya dakika chache. Katika Pure Data unachagua kwenye menyu, unakiweka, unavuta waya. Katika lugha nyingine unaandika mistari michache. Urahisi huo ni zawadi ya watu niliowataja na wengine wengi, na umewafikia hata wale wenye kompyuta kuukuu tu, kwa sababu Puckette na Musil waliitoa kazi yao bure.

Lakini dakika hizo chache hazimwondolei mwandishi wajibu wake. Hali na iwe mahali pamoja, ndani ya injini, na skrini isome kutoka huko. Kuonyesha kutenganishwe na kutenda, ili habari inayorudi isigeuke amri. Mpaka kati ya kuwasha na kuzima uandikwe. Sauti ipewe mteremko wa milisekunde kadhaa. Programu ifunguliwapo, kitufe kionyeshe hali iliyopo kweli, si hali ambayo mwandishi aliizoea. Na asiyeona aambiwe kile ambacho anayeona ameonyeshwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana mtu anapolitazama dirisha la programu kwa mara ya kwanza. Yanaonekana jukwaani, wakati mpigaji amegeuka kuwatazama wenzake na ana nukta moja tu ya kutupia jicho skrini. Akiisoma X na kuiamini, muziki unaendelea. Imani hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kitufe, na inajengwa na mwandishi wa programu siku nyingi kabla ya onyesho, mstari kwa mstari, mahali ambapo hakuna anayempigia makofi.